Tani za Titus

Asubuhi iliyofuata maziko ya Titus Mwandawiro, Kimeu aliketi kitandani kwake Voi ili avae soksi, na kitanda kikavunjika. Alimlaumu fundi. Akahamia kwenye kiti cha mvule alichorithi kwa baba yake, nacho kikavunjika. Mkewe alimletea chai akiwa sakafuni, akamwambia asiinuke kwa haraka, maana vigae vilikuwa vinapasuka chini yake. Kimeu alikunywa chai yote. Alikuwa mwenye malori, na moja, lile alilokuwa akiendesha Titus, lilikuwa limelala bondeni magurudumu juu, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kuhangaikia viti.

Ofisini kwake, karibu na reli, Mwende aliyepanga safari za malori hayo alikuwa amesimama tangu afike kazini, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimelala chini. Huko nyuma ya vilima, kwenye mgodi wa mawe ya chuma yanayopelekwa bandarini, Katuku msimamizi wa upakiaji alikuwa amezama udongoni hadi magotini, naye aliendelea kuelekeza tingatinga kwa mkono. Askari wa barabarani aliyempungia Titus apite siku ile alikuwa mzito pia, lakini alisema huo ni unene wa cheo, na hakuna aliyembishia.

Daktari aliwapima Kimeu, Mwende na Katuku akasema wana afya nzuri. Aliwashauri wapunguze nyama choma. Kwa kuwa mizani ya zahanati ilikuwa imebonyea kama sufuria ya zamani, aliwatuma wakapimwe kwenye mizani ya malori, barabarani. Walipanda mmoja mmoja. Mama aliyekuwa zamu pale aliondoa uzito ambao kila mmoja angekuwa nao kama binadamu, akajumlisha uliobaki. Ulifika tani kumi na mbili. Kimeu alikuwa na karibu nusu, Katuku alimfuata kwa karibu, na Mwende alikuwa na kipande kilichosalia.

"Hizi tani nazijua," mama huyo alisema. "Ndizo zilizozidi kwa lile lori la Titus. Polisi walileta yale mawe hapa tukayapima." Halafu akawaomba washuke, maana lori la saruji lilikuwa linangoja nyuma yao.

Hakuna asiyejua jinsi Titus alivyokufa, kwa sababu aliongea kwenye simu hadi mwisho. Kabla ya kuanza mteremko wa kwenda Mwatate alisimamisha lori na kumpigia Mwende simu.

"Breki zinanuka, Mwende. Na mzigo umezidi. Hili lori linanisukuma."

"Meli haingoji, Titus," Mwende alimwambia. "Shuka tu polepole."

Titus alishuka polepole mpaka kona ya tatu. Kuanzia hapo mwendo haukuwa wake kuchagua. Waliomzika kwao Werugha, kilimani, kwenye shamba lake la kabichi, walikumbuka kwamba jeneza lilikuwa jepesi mno. Wanaume wawili walilipandisha kwenye matuta bila kupumzika, na mmoja wao alikuwa na simu sikioni. Wakati huo hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo.

Kesi ya kutafuta aliyesababisha kifo ilipofika mbele ya hakimu Voi, hakimu alisoma sheria kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Alisema mzigo wa barabarani una wenyewe wengi. Yupo mwenye lori, yupo aliyepakia, yupo aliyepanga safari, na yupo dereva. Kila mmoja hubeba sehemu yake, na hakuna anayeruhusiwa kumtwika mwenzake. Alikuwa amesikia habari za mizani, akaona kwamba zimemrahisishia kazi. Siku ya hukumu wote wangepimwa, na mahakama ingeandika kile ambacho mizani ingesema.

Wakesho, mjane wa Titus na mama wa mtoto wao Mghoi, alipoyasikia hayo alifurahi, wala hakuona haya kufurahi. Tangu ajali, watu wa Kimeu walikuwa wakisema kila mahali kwamba Titus alisinzia, na hata sokoni Wundanyi kuna mwanamke aliyemwambia pole sana, mama, pombe ni mbaya. Titus alikuwa hanywi hata uji uliolala. Wakesho alitaka jambo moja tu, iandikwe kwamba Titus hakujisababishia kifo. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine lililomnyima usingizi. Sylus, mdogo wake Titus, alikuwa bado anaendesha lori la Kimeu, katika barabara ileile, na lori lake lilinunuliwa siku moja na lile lililokuwa bondeni.

Aliyemfungua Kimeu macho ni Mzee Mwandawiro, baba yake Titus. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mzee aliyechoshwa na wageni wanaopanda kilimani kuuliza kama ni kweli, na ng'ombe wake alikuwa amepunguza maziwa. Alieleza kwamba uzito wa aina ile si ugonjwa. Ni hasira ya mtu aliyedhulumiwa, imewakalia waliomdhulumu. Wadawida, watu wa vilima hivi, wanajua dawa yake tangu zamani, nayo ni kutasa. Mwenye hasira hujaza kinywa maji ya miwa, akayapuliza yakatoka kama manyunyu, na kwa kila puliza humtaja mtu anayemwachilia. Atakayetajwa huwa mwepesi. Na kwa kuwa Titus amelala, wa kutasa ni mjane wake.

Basi Kimeu, Katuku na Mwende walipanda kwenda Werugha. Hakukuwa na gari dogo la kuwabeba, kwa hiyo walikaa nyuma kwenye lori la Sylus, kila mmoja kwenye kona yake ili lisipinduke. Walileta mbuzi na sukari. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matuta, na walipotembea kuelekea nyumbani waliacha mashimo kwenye kabichi.

"Mama Mghoi," Kimeu alisema akiwa amesimama, maana hakuthubutu kukaa, "tumekuja kama watu wa nyumba. Yaliyopita si ndwele. Tuachilie."

"Mkiwa wepesi, mtasema nini kortini?" Wakesho aliuliza.

"Ukweli. Nitasema mimi mwenyewe. Mzigo ulizidi, Katuku alijua, mimi nilijua, na breki nilikataa kutengeneza."

"Na lori la Sylus?"

"Litaingia gereji wiki hiihii. Haki ya Mungu."

Mwende alikuwa anatazama chini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye angesema, kama angeulizwa. Katuku alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba magoti yanamuuma.

Wakesho hakutaka. Moyo wake ulimwambia mtu huahidi sana akiwa amebanwa, na moyo wake haukukosea. Lakini baba mkwe alikuwa ameketi pale, na mkwe wa kike haketi akashindana na mzee mbele ya wageni. Mzee alimwambia hasira ikikaa sana nyumbani huanza kula wenye nyumba. Mchungaji, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya mbuzi, alisema hata Biblia inakubali kusamehe, na kwa kuwa Wakesho ni mtu wa kanisa, maji ya miwa yasiwe yamechacha.

Walisimama kando ya kaburi. Wakesho alijaza kinywa, akapuliza kuelekea jua linakozama. "Kimeu, nakuachilia." Kimeu alipanda juu kidogo, kama mashua inayoshushwa mzigo, kisha akatulia. Wakesho akapuliza tena akamtaja Katuku, akapuliza tena akamtaja Mwende. Hata askari wa barabarani alitajwa, ingawa hakuja. Wote wakawa wepesi. Katuku aliruka tuta moja kujaribu miguu, halafu la pili, akicheka, na Kimeu akamwambia aache utoto, kisha yeye mwenyewe akaruka.

Titus hakutajwa. Hakuna anayemtaja maiti katika kutasa, kwa sababu ni aibu kusema una hasira na mtu uliyemzika juzi. Lakini Wakesho alikuwa nayo. Alimkasirikia Titus kwa sababu alishuka, kwa sababu angeweza kuzima lori pale juu, akachukua funguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Kilikuwa kipande kidogo tu cha hasira, amekificha chini ya machozi, na hakudhani kina kazi yoyote.

Tani zile hazikuwa na pengine pa kwenda ila kwenye hasira iliyobaki. Wageni walipokuwa wakinywa chai, kaburi lilianza kushuka. Lilishuka bila kelele, msalaba na mashada ya maua vikiwa wima, na safu mbili za kabichi zikafuata. Mzee Mwandawiro alitazama akasema udongo wa huku una maji mengi. Wageni walirudi Voi wakiwa wamekaa.

Siku ya hukumu walipanda mizani mbele ya hakimu, na mizani ikasema ni watu wa kawaida. Mwende alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, akafurahi. Karani alitumwa Werugha akaangalie sehemu ya dereva, akarudi na habari kwamba kaburi limezama kimo cha mtu mzima na bado linashuka. Hakimu akayaandika hayo. Tani zote kumi na mbili ni za dereva.

Wakesho alisimama. "Waliniahidi watasema."

Hakimu alimwuliza Kimeu kama ana la kusema. Kimeu alimgeukia Wakesho kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mama Mghoi, ningesema. Lakini mizani imeshasema. Nikisema kinyume, si nitakuwa nimedanganya korti?"

Hakimu alikubali kwamba angekuwa amedanganya. Waswahili wana msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukumbini siku ile watu watatu waliubeba mzigo wa Titus kwa urahisi wa ajabu, wakatoka nao nje, wakauacha mlangoni.

Asubuhi iliyofuata Wakesho alikwenda kaburini peke yake na kikombe cha maji ya miwa. Alipuliza. "Titus, nakuachilia. Wewe zaidi ya wote." Alipuliza mpaka kikombe kikaisha na kifua cha gauni kikalowa. Kaburi halikupanda. Hukumu ilikuwa na muhuri tayari, na maji ya miwa hayafuti muhuri. Alilia kwa uchungu, akijilaumu kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Kimeu hakuwa mtu wa kusahau wafiwa. Aliposikia shimo linakula shamba, aliamuru Katuku aongeze mawe ya kulijaza juu ya mzigo wa mawe ya chuma, lori litakapokuwa linapita kwenda Voi. Katuku aliongeza. Hakupunguza mawe ya chuma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia apunguze, na miguu yake ilikuwa haizami tena popote.

Lori lilifika Werugha na Sylus kwenye usukani. Springi zilikuwa zimelala. Lori halikuwa limeiona gereji hata kwa mbali. Vibarua walimwaga mawe kaburini, mawe yakaingia, na shimo likabaki vilevile.

"Sylus, mzigo bado umezidi," Wakesho alisema. "Ona magurudumu."

"Naona, shemeji."

"Basi usishuke. Zima, leta funguo hapa. Kunywa chai."

Sylus alicheka kidogo. "Nisiposhuka mimi, atashuka mwingine. Na mimi nina watoto." Lakini alikuwa amesikia harufu, kwa hiyo alitoa simu akampigia Mwende, akaiweka kwenye spika ili Wakesho naye asikie.

"Breki zinanuka, Mwende. Na mzigo umezidi."

 Kiti kililia huko ofisini, Mwende alipokuwa akijaribu uzito wake. Hakikuvunjika.

"Meli haingoji, Sylus," alisema. "Shuka tu polepole."

Sylus alimuaga shemeji yake, akamwachia mkate aliomnunulia Mghoi, akaondoka. Lori lilipozunguka kona ya kwanza na ukungu kulifunika, Wakesho alisikia udongo ukisogea nyuma yake. Kaburi la Titus lilikuwa limeacha kushuka. Sasa lilikuwa linahama upande, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

Wakesho alilitazama mpaka likatulia. Kisha alichukua jembe, akaanza kung'oa kabichi za pembeni. Hazikuwa zimekomaa, lakini mahali pale pangehitajika.