Mstari Chini ya Nailoni

Krr. Kisha kimya. Kisha tena, krrr, pole pole, kama mtu anayechana kitambaa akiogopa kusikika.

Mama Kitufe alifumbua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka. Wazo la kwanza lilikuwa panya, na yeye na panya huzungumza kwa ufagio. Akanyata hadi jikoni, ufagio mkononi, akawasha taa. Hakuwa panya. Alikuwa binti yake, Kitufe, miguu peku, kasimama mbele ya friji jipya, vidoleni kashika ncha ya ile nailoni angavu iliyokuja nalo kutoka dukani. Kona moja ya mlango ilikuwa wazi tayari, inang'aa.

Nailoni hiyo ilikuwa na sheria yake. Bibi, mama mzazi wa Mama Kitufe, mwenye nyumba na mwenye friji, alishatangaza kwamba haibanduliwi; atakayeigusa atamtambua yeye ni nani. Mama Kitufe alipaswa kufoka. Badala yake akajikuta anavitazama vile vidole. Mtoto hakuivuta nailoni kuja kwake kama watu wote wanavyovuta. Aliikunja, akaivuta chini chini, sambamba na mlango, mkono wa pili ukifuata nyuma. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameona tu, zile siku za likizo alizokwenda na mama yake kazini.

"Kalale," mama alimnong'oneza, akambusu utosini. "Bibi akiuliza, utajibu mwenyewe."

Kazi yake Mama Kitufe ndiyo hiyo hiyo, ila kwenye magari: kubandua nailoni ya kulinda rangi ikishazeeka, na kubandika mpya. Karakana ni ya mjomba wake, kaka yake Bibi, ambaye mji mzima unamwita Fundi Kioo kwa sababu gari likitoka kwake unaweza kujipaka wanja mbele ya mlango wake. Mafundi wengine hukatia nailoni mezani, wakapima na kupima tena. Yeye huitandaza juu ya gari, akaikata hapo hapo kwa wembe, kwa jicho, huku anapiga mluzi. Wateja husogea kumtazama. "Wembe wangu unajua pa kuishia," huwaambia. Ndilo jina lake hilo, na ndiyo mali yake.

Gari la siku hiyo lilikuwa jeusi, la mama mmoja mwenye duka la dawa. Fundi Kioo mwenyewe alilivika nailoni miaka mingi iliyopita, na sasa ilikuwa imegeuka njano kama ganda la kitunguu. Alikuwa amemwahidi mpwa wake jambo: libandue vizuri, na kesho boneti utalibandika wewe, zima, peke yako. Miaka yote hiyo karakanani hakuwahi kuachiwa boneti. Akalishughulikia lile gari kama anamwogesha mtoto mchanga. Mvuke kidogo, subiri, kunja, vuta. Wembe hakuugusa. Nailoni ikatoka vipande virefu, gundi ikabaki kidogo tu, akaifuta.

Ndipo alipouona. Ukingoni mwa boneti, pale ukingo wa nailoni ya zamani ulipokuwa umelalia, mstari mwembamba kama unywele. Ukashuka, ukaizunguka taa ya mbele, ukapanda tena. Alipitisha ukucha, ukucha ukanasa. Ulikuwa umekata rangi hadi kwenye bati, na sehemu mbili kutu ilishaanza.

Alimwita mjomba wake. Fundi Kioo aliinama, akapitisha ukucha naye. Mluzi wake ukafa. Kabla hajasema lolote, mama wa duka la dawa akaingia. Alikuwa anapita, akaona achungulie gari lake. Akaona mstari. Akauliza, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, nani amelichanja gari lake.

"Huyu mwanagenzi wangu," Fundi Kioo alisema. "Vijana wa siku hizi, mama, mikono ina haraka."

Mama Kitufe alisikia, lakini maneno yalikuwa kama yanahusu mtu mwingine. Alipokuja kuupata ulimi wake, yule mama alikuwa ameshasema kwamba hataki huyu aliguse tena gari lake, na kwamba kesho atarudi kuombwa radhi kabla nailoni mpya haijabandikwa. Boneti likayeyuka hivyo hivyo. Akakabidhiwa ndoo na kitambaa, akaosha magari mpaka saa za kufunga, akiyasugua matairi kama yametukana ukoo wake.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, Fundi Kioo akaja nyumbani na mkate na sukari. Bibi, ndiyo kwanza anarudi sokoni, akamkaribisha kaka yake jikoni kwa bashasha. Kitufe akamwamkia babu yake huyo, akarudi kwenye kiti chake cha pembeni. Maneno ya mgeni yalikuwa laini. Mteja huyu ana midomo mingi nyuma yake. Jina la karakana likichafuka, wote wataumia. Mwanagenzi husamehewa, mzee hasamehewi. Samahani moja tu kesho, basi, na boneti lingine litakuja. Bibi akadakia kwamba mtu asisahau nani alimshika mkono wakati hana mbele wala nyuma.

"Mjomba," Mama Kitufe alisema, "ule mstari ulikuwa chini ya nailoni. Nilikataje kitu kilichofunikwa?"

"Mwanangu, mimi na wewe tunajua. Yule mama ndiye asiyejua."

Angalau angekana. Angalau angejidanganya. Kumbe alijua tangu ukucha wake uliponasa, na bado alimpaka matope mchana kweupe, kisha akaja na sukari.

"Nitaosha magari ya mji mzima," alisema. "Lakini samahani hiyo siisemi. Kesho nitamwambia sikukata. Aliyekata sitamtaja. Hilo nakuachia wewe."

Fundi Kioo alitazama kikombe chake. Bibi aliguna, akainuka kumchotea kaka yake maji ya baridi. Akafika kwenye friji, akasimama: mlango mzima ulikuwa mtupu, unang'aa kwa jua la dirishani.

Aliuliza nani amelichuna friji lake. Hakumtazama mtoto, alimtazama binti yake, mwenye mikono inayojulikana kwa kazi hiyo.

"Kwani nyumba hii ina mbanduaji mwingine?" Fundi Kioo alisema, akacheka kidogo, kama mtu aliyepata pa kupumulia.

Mama Kitufe alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi mno kusema ni mimi. Kwa mtoto wake angebeba hilo na kumi zaidi. Lakini Kitufe alishateremka kitini. Alivuka chumba na ile nailoni mkononi, imekunjwa vizuri, akapita mbele ya babu yake, akasimama chini ya uso wa Bibi.

"Ni mimi niliyebandua, bibi."