Mzee Halo Hakati Simu

Kazini kwangu watu huja kulia. Sitii chumvi. Nakaa dirisha la pili kwenye ofisi ya kampuni ya simu, nyuma ya kioo chenye tundu la kuongelea, na tangu tunafungua milango kilio ni kilekile: dada, nimetapeliwa. Nawauliza, alikuomba namba zilizoingia kwa ujumbe? Wanatazama chini. Alisema ufanye haraka? Ndiyo. Alikukataza kukata simu? Ndiyo, dada. Maswali haya siku hizi yananitoka kama miayo.

Nikirudi nyumbani nayaanza upya, kwa sababu nyumbani yupo baba.

Baba alikuwa mpokea simu wa hospitali maisha yake yote ya kazi. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya ubao wa swichi, akiwaunganisha watu na wodi, maabara, daktari wa zamu. Chumba kile kilikuwa na sheria moja: mpokeaji hakati simu. Anayepiga ndiye anayekata, au unamuunganisha na mhusika, basi. Baba amestaafu, sheria haijastaafu. Simu ikiita anakaa wima, anakohoa kidogo, halafu anasema, "Halo, nikusaidie nini?" kwa sauti ambayo mimi mwanawe hajawahi kunipa. Mtaani wanamwita Mzee Halo. Matapeli sijui wanamwitaje, pengine Riziki.

Amesikiliza habari za bahati nasibu ambayo hakucheza, za mzigo kutoka kwa mtu asiyemjua, na za mjukuu wake aliyekamatwa, wakati mjukuu mwenyewe hajazaliwa. Hawapi kitu, lakini pia hawakatii.

"Baba, kata tu."

"Nitamkatiaje mtu anaongea?"

"Ni mwizi!"

"Mwizi naye si anaongea?"

Ilifika mahali nikachoka hata kukasirika.

Lakini kitu kimoja kilinikosesha raha, nacho ni sauti za mama. Alipolazwa mara ya mwisho vidole vilikuwa vinamtetemeka, hawezi kuandika, akawa anamtumia baba ujumbe wa sauti kutoka wodini. Zote zimo kwenye simu ya baba, na hakuna nakala popote. Kila asubuhi kabla ya chai baba hufunga mlango wa chumbani akazisikiliza. Mimi sijasikiliza hata moja. Moyo umekataa. Akaunti yake ya ujumbe ikichukuliwa na mtu, zitafutika, na mama atakuwa ameondoka mara ya pili. Nilishamwambia baba hivyo, bila kumficha.

Jana jioni nilirudi nikiwa hoi, nimevua viatu tangu kwenye ngazi. Nikasikia kabla sijafika mlangoni: sauti ya kijana, tulivu, yenye adabu zake.

"Mzee wangu, ukikata tu, mfumo unafuta kila kitu. Picha, sauti, vyote."

Baba alikuwa mezani, miwani imeshuka puani, simu ameiweka mbele yake kwenye spika.

"Sauti pia?" akauliza.

"Sauti ndizo zinaanza, mzee. Nisomee zile namba zilizoingia. Haraka, baba yangu."

Yule kijana hakujua amegusa nini. Wanasema hivyohivyo kwa kila mtu, basi tu kwetu pakawa ndipo panapouma.

"Nne," baba akasoma. "Saba. Moja."

Ningepiga kelele, lakini wateja wangu wamenisimulia sana: watoto wao walipoanza kupiga kelele, wao wakazimalizia namba mbiombio, wakidhani watoto ndio wanaowaharibia. Kumpokonya nisingeweza, meza ilikuwa katikati yetu. Nikasema polepole, "Baba, niunganishe mimi. Mhusika ni mimi."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha mgongo ukanyooka.

"Samahani, ndugu," akaiambia simu, kwa ile sauti yake ya kazini. "Suala lako halipo kwenye meza hii. Subiri kwenye laini, nakuunganisha na mhusika."

"Mzee, usimpe mtu, mzee—"

"Nakuunganisha."

Akanipa simu kwa mikono miwili.

"Halo," nikasema. "Mhusika hapa."

Kijana akaanza, "Dada, mimi nilikuwa namsaidia tu—" nikakata. Nikamzuia asipige tena, nikaiongezea akaunti namba ya siri ambayo baba haijui, nikajibwaga kwenye kiti.

"Hukumuaga," baba akasema.

"Sikumuaga."

Alizungusha miwani mkononi. "Zipo?"

"Zipo, baba."

Akairudisha miwani puani, kisha akasema, "Nilijua ni mwizi. Aliposema haraka tu, nilijua, si umenifundisha? Lakini akataja sauti. Nikawaza, na je, kama leo tu anasema kweli?"

Miaka yote hii dirishani, hilo sijawahi kumuuliza mteja.

Nikaleta kompyuta, nikachomeka waya, tukaanza kuzihamisha zile sauti moja moja. Baba alikuwa amesogeza kiti, anahakikisha kila moja inafika.

"Sikiliza hii," akasema.

"Nimechoka, baba. Kesho."

"Ni fupi."

Akabonyeza. Kwanza kikohozi, magurudumu ya kitoroli, mtu anacheka mbali. Kisha mama, karibu kabisa, kana kwamba ameinama juu ya meza yetu: "Baba watoto, leo msije, mvua kubwa. Na huyo binti yako mwambie akalale. Jana kasinzia hapa kwenye kiti huku ananiambia hajachoka. Mwambie akalale, mimi nipo."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Kila nikikuita usikilize, unasema kesho."

Nikalaza kichwa mezani, nikalia kwa sauti bila aibu. Baba hakunibembeleza. Aliurudisha ujumbe mwanzo, akaupiga tena, na tena, mpaka nikasinzia.