Sindano ya Pacha Wangu

"Presha yako iko juu mno, dada," muuguzi alisema, akikifungua kile kitambaa kilichokuwa kimenikaba mkono. "Siwezi kukutoa damu hivi. Utaanguka hapa nianze kuhangaika na wagonjwa wawili."

"Ipime tena."

"Nimeshaipima tena. Tulia kwanza."

Tulia. Mtu anakwambia utulie kana kwamba kutulia ni taa, unabonyeza tu. Pacha wangu alikuwa wodi ya upande wa pili wa korido. Alijifungua asubuhi, mtoto mzima kabisa, analia kwa afya zake, lakini mama mtu alikuwa anavuja damu tangu hapo. Daktari alituita mimi na shemeji, mumewe, akatueleza bila kuzunguka: damu ya kundi lake ni adimu, mfuko uliokuwepo benki ya damu ndio huo umetundikwa, nao unakaribia kuisha. Shemeji alishatoa yake, plasta iko mkononi, ila haikumfaa mkewe, itawafaa wengine. Ya kumfaa nilikuwa nayo mimi. Tumbo moja, siku moja, sura moja, na damu ni ile ile.

Na mimi naogopa sindano.

Sisemi kwa mzaha. Nina saluni yangu, nasuka vichwa kutwa nzima, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Mteja mkorofi namtoa mlangoni mwenyewe. Lakini nikiona sindano, natafuta mlango wa kutokea. Ndiyo maana kila uvumi wa kutoa damu ulioletwa pale saluni niliupokea kwa mikono miwili: kwamba ukitoa unakonda, kwamba wanaiuza, kwamba wanakupima halafu wanakupigia simu kukutajia ugonjwa ambao wala hukuuliza. Mwanamke mmoja alibisha, akasema yeye hutoa kila mwaka na yuko bukheri wa afya. Nilimwambia ainamishe kichwa, nimsuke, aache maneno.

Shuleni, walipokuja watu wa chanjo, pacha wangu alipanga foleni mara mbili. Walimu walitutofautisha kwa sweta. Langu lilikuwa na kiraka cha kijani kwenye kiwiko. Akishachomwa ya kwake, tunakutana nyuma ya vyoo, namvulia sweta, analivaa, anarudi kwenye foleni akiwa mimi. Anachomwa mkono wa pili. Akirudi nyumbani analala chali kwa sababu mikono yote miwili imevimba, na bado ananiuliza mimi kama naumwa. Mama yetu hajui hadi leo.

Nilitoka chumba cha kutolea damu, nikaingia kwenye korido. Shemeji alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Imeshindikana, shemeji?"

"Niache kwanza."

"Labda unywe maji."

"Nimekunywa maji mpaka tumbo linacheza. Niache, nisije nikakutolea maneno bure."

Alikaa sakafuni na suruali yake ya kazini, mtu ambaye hata kwangu hupangusa kiti kabla ya kukaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli.

Ubaya wa ile mashine ya presha ni kwamba haidanganyiki. Uso nilishautengeneza, sauti nimeikaza, lakini moyo ulikuwa unapiga mpaka nausikia masikioni. Nikifikiria kwamba woga wangu ndio utakaomuua, woga unazidi, na ukizidi presha inapanda. Nilikuwa nazunguka mle mle, sioni pa kutokea.

"Nataka kumwona," nilimwambia muuguzi.

Alinitazama, akaichukua mashine yake. "Twende."

Midomo ya pacha wangu ilikuwa imepauka kama shuka. Mimi hujiona kwenye vioo vya saluni kuanzia asubuhi mpaka nafunga, uso huo naujua. Pale kitandani niliuona ukiwa unakufa. Niliushika mkono wake, ulikuwa wa baridi, nikapiga magoti kando ya kitanda.

Alifumbua macho kidogo. "Wamekuja?"

"Nani?"

"Wa sindano." Sauti ilikuwa ndogo, nikajua hayupo pale wodini, yuko shuleni. "Usilie, Pacha. Nipe sweta, naenda mimi."

Akaanza kuinuka. Hana hata nguvu za kumeza mate, lakini akaegemea kiwiko, na mkono wenye dripu ukanyooka, tayari kuchomwa.

"Lala," nilisema. "Lala, tafadhali. Leo foleni ni yangu."

"Utaweza?"

"Sijui. Lala."

Kidole gumba chake kikawa kinanisugua mgongo wa mkono, taratibu. "Haiumi sana," alisema. "We angalia pembeni tu." Akafumba macho.

Nililia. Tangu asubuhi nilikuwa nimejikaza, sasa nililia kwa sauti, uso kwenye shuka lake, mpaka kilio kikaisha chenyewe, na mkono wake sikuuachia. Nilipoinua kichwa, muuguzi alikuwa ameshanifunga kile kitambaa kwenye mkono mwingine na wala sikuhisi.

"Imeshuka," alisema. "Si sana, lakini inatosha. Twende kabla haijakumbuka."

Kwenye kile kiti niliangalia pembeni kama nilivyoambiwa. Sindano iliingia, ikauma, kisha muuguzi akanyamaza, na muuguzi akinyamaza mimi sipendi.

"Mshipa umekimbia," alisema. "Pole sana, dada. Itabidi mkono wa pili, kama unaweza."

Mlangoni, shemeji alifumba macho. Mimi nilikuwa natetemeka mpaka kiti kinalia. Niliukunja mkono wa kwanza na pamba yake, nikanyoosha wa pili.

"Choma," nilisema.

Safari hii sikuangalia pembeni. Niliitazama damu inavyoshuka kwenye mpira, nyeusi kuliko nilivyodhani, mpaka mfuko ukajaa. Wakaipeleka kuipima, wakaitundika, nami nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda nikitazama kila tone, nikiogopa kupepesa macho.

Jioni midomo yake ilianza kupata rangi. Alifumbua macho, akamuulizia mtoto, akaambiwa yuko kwa bibi yake na amelala. Kisha akaiona mikono yangu, pamba huku na huku.

"Umechomwa yote miwili?"

"Yote miwili."

"Kwa nini?"

"Mmoja wangu, mmoja wako."

Aligusa pamba moja kwa ncha ya kidole. Halafu akauliza, "Imevimba?"

"Imevimba."

"Basi leo utalala chali," alisema.