Fundi Asiyejua Kusema Chonde

Kama chonde ingelikuwa kitambaa, duka la ushonaji la wale dada wawili lingelijaa hadi darini. "Chonde chonde fundi, suti yangu, harusi ni kesho!" wateja walilia. Dada mkubwa, mwenye mkasi mkali na ulimi mkali zaidi, alikuwa na somo lake tayari.

"Tafadhali ni ya kuombea kiti. Chonde ni ya mtu aliyebanwa, hana pa kukimbilia. Haya niambie, umebanwa, au umechelewa tu?"

Mteja akicheka, suti inashonwa. Ila fundi mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu chonde tangu apate akili, na alijivunia hilo.

Asubuhi moja mdogo wake aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Dada, nimepata kazi kiwandani. Jumatatu naanza. Hapa naamrishwa tu, nimechoka."

Dada mkubwa aliumia moyoni. Mdomo nao ukajisemea: "Nenda. Mlango si unauona?"

Akaivamia kazi, sare za wahudumu wa hoteli. Kwa kawaida yeye hukata, mdogo hushona. Siku hiyo alikata kwa hasira hadi jora la kitambaa likabaki kipande. Mdogo alivichukua vipande vya suruali, akavigeuza huku na huku, akaguna.

"Dada, hukukunja kitambaa ili mkato mmoja utoe kulia na kushoto. Miguu yote ni ya kushoto."

"Acha utani!"

"Shauri yako. Wahudumu watapeleka chai wakirukaruka."

Dada mkubwa akatazama mwenyewe. Kweli tupu, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Angemkatia nani, nani amshonee, acheke na nani?

"Mdogo wangu," akasema, "chonde. Usiende."

Mdogo akamkazia macho, uso mkavu kama wa hakimu. "Umebanwa, au umechelewa tu?"

"Vyote viwili. Chonde chonde. Na kuanzia leo sikuamrishi, nakuomba."

Mdogo alishindwa kujizuia, akaangua kicheko hadi akashika meza. Kisha akavuta kitambaa kilichobaki, akakikunja vizuri, akamsogezea dada yake mkasi.

"Haya," akasema, "tafadhali, kata mguu wa kulia."