Pembe ya Mama

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mwalimu wa hisabati haamini mizimu mpaka aletewe uthibitisho. Hivyo ndivyo nilivyojiambia jioni ile niliposikia sauti ya dada yangu sebuleni, ilhali tulikuwa tumeshamzika.

Aliuliza "Sababu?" tu, kama alivyozoea. Nilikuwa jikoni nasugua sufuria, nywele zikanisimama. Nilipochungulia nikamkuta binti yake peke yake mezani, penseli mkononi. Binti huyo tulimwita Njiti kwa wembamba wake. Alikuwa akifanya hesabu za pembe, na kila alipomaliza hatua moja alijiuliza "Sababu?" kwa sauti ya mama yake hasa, ile ya chini, yenye uchovu kidogo, isiyokuachia pa kukimbilia. Mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilimwambia asome kimya, akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Dada naye alikuwa mwalimu wa hisabati, tena mkali kuliko mimi. Mbele yake hukusema "inaonekana ni sawa". Macho ni waongo, alisema, lete sababu. Hata ukilalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi alitaka sababu. Alipofariki, shemeji yangu, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye kwake mwenyewe huonekana kama mgeni, aliniomba nihamie kwao nimwangalie mtoto. Nikahamia. Nikawa nalala kitanda cha dada, nakunywa chai kwa kikombe cha dada, na jioni nasikia sauti ya dada ikinidai sababu. Nani angestahimili?

Basi nikatafuta shule ya bweni. Nilimweleza shemeji kwa simu kwamba mtoto atapata wenzake na ataacha kuzubaa, naye akakubali huku injini ikinguruma. Sikumwambia kwamba naogopa. Niliogopa, tena sana, na nilitaka mtoto aondoke na ile sauti aende nayo huko huko. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuingia. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alishanidokeza kwamba swali la pembe halikosekani: mistari miwili ikikatana, thibitisha kwamba pembe zinazotazamana ni sawa.

Watu wengine pembe huzipa herufi. Dada alizipa watu wa nyumbani. Akishachora mistari yake miwili, pembe ya kushoto aliiita Baba, ya juu Mama, ya kulia Mtoto, na ile ya chini iliyobaki bila mwenyewe akanipa mimi, Mama Mdogo. Niliwahi kumuuliza kwa nini mimi ndiye wa kutupwa chini. Akasema nishukuru nimepata pa kukaa.

Uthibitisho wenyewe ni mwepesi. Baba na Mama wakikaa pamoja juu ya mstari mnyoofu wanatimiza nyuzi mia na themanini. Mama na Mtoto, juu ya ule mstari mwingine, nao wanatimiza nyuzi hizo hizo. Kwa hiyo Baba na Mama ni sawa na Mama na Mtoto. Mpaka hapo Njiti aliandika bila wasiwasi, mwandiko wa mama yake mtupu. Kilichobaki ni kumwondoa Mama pande zote mbili, Baba abaki sawa na Mtoto. Hapo penseli ilisimama.

Nilidhani hajaelewa, nikamweleza. Nikamweleza tena. Aliitikia kwa kichwa kwamba amenielewa, kisha akaacha nafasi ya hatua ile wazi, karatasi moja baada ya nyingine. Mwisho uvumilivu ukanitoka. Nikamwambia, "Asiyekuwapo na lake halipo. Mwondoe, umalize."

Neno likishatoka halirudi. Nilitamani kujikata ulimi, lakini yeye hakulia.

"Nikimwondoa, haji tena," alisema.

"Nani haji?"

"Si na wewe unamsikia, Mama Mdogo? Nilikuona ulivyoshtuka pale jikoni."

Nilijitia hamnazo. Nikamweleza kwamba anayesikika ni yeye mwenyewe, kwamba sauti yake imeanza kukua na mtoto wa nyoka ni nyoka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ni nani, basi, aliyeuliza "Sababu?" asubuhi ya siku hiyo wakati yeye yuko uani anapiga mswaki. Na mimi nilisikia asubuhi ile, nikapiga moyo konde nikasema ni redio ya jirani, na jirani redio yake imeharibika tangu zamani.

Kesho yake mchana nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu, akaja na mambo yake. Alikuwa na karatasi yenye mistari miwili iliyokatana na majina yote manne ya familia yetu. Juu yake alilaza ile karatasi laini, nyepesi, inayokuja ndani ya boksi la viatu, na mistari ile ile ameifuatisha kwa penseli pamoja na majina. Alichoma pini pale mistari inapokatana, ikapenya karatasi zote mbili mpaka kwenye kitambaa cha meza. Nilitaka kumkemea kwa ajili ya kitambaa, lakini tayari alikuwa ameanza kuizungusha ile nyepesi taratibu, nusu mzunguko, mpaka mistari ikaoana tena.

"Tazama," alisema. "Kila mstari umelala palepale pake. Na pembe haikui wala haipungui kwa kugeuzwa. Baba amekwenda kukaa kwa Mtoto na amemwenea, kwa hiyo ni sawa. Hakuna aliyeondolewa."

Ningeishia hapo, nikampa alama zake. Lakini ualimu ni ugonjwa.

"Na Mama je?"

Akaweka kidole pale chini. Jina la mama yake, limepinduka, lilikuwa limelala juu ya langu.

"Mama amekaa kwako."

Niliivuta karatasi kwangu nikatafuta kosa. Nilitazama kama pini imepinda, kama mstari mmoja mnene kuliko mwenzake, kama kuna jambo amelichukua bila kulithibitisha. Nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo ambao asipoupata atalala nje. Chai ikapoa pembeni yangu. Kosa sikuliona.

"Mimi si mama yako," nilisema.

"Sijasema wewe ni Mama. Nimesema ni sawa, na sababu nimeandika."

Akaniuliza kama kule bwenini watampa alama kwa njia hiyo. Nikasema watampa zote, wasipompa hawajui kazi yao. Hakuchangamka. Alichomoa pini, akailaza vizuri pembeni ya meza, akauliza aanze kufungasha lini. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, akatoka kwenda kuanua nguo.

Nilichukua simu nikampigia shemeji. Nilimwambia mtoto haendi bwenini. Akashangaa, maana mimi ndiye niliyemshawishi akubali. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nyumba ile ilinitisha, kwamba nilitaka kumpeleka mtoto mbali ili mimi nipate usingizi, na kwamba bado inanitisha lakini nitakaa, naye atakaa. Nilisema nitamlea mpaka awe mtu mzima. Upande wa pili nilisikia injini ikizimwa.

"Shemeji," alisema polepole, "ni nani huyo anayeuliza hapo nyuma yako?"

Nilitazama dirishani. Njiti alikuwa uani, vibanio vya nguo mdomoni, anapambana na shuka na upepo. Na mimi nilikuwa nimesikia, karibu kabisa na bega langu. Sikugeuka.

"Ni sisi tu, shemeji," nilimjibu. "Watu wa hapa nyumbani."