Matarumbeta Wodini

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa utumbo uliojisokota, Atuganile, au Mama Lusungu kama wanavyomwita kwao Chanika, alikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kutoa hewa. Ile ya chini. Daktari alishasema, hewa ikitoka ndipo itajulikana utumbo umeamka, apewe uji. Isipotoka hadi kesho asubuhi, atapigwa picha ya tumbo, na pengine arudishwe mezani kupasuliwa tena. Huko mezani ndiko alikokuogopa, maana safari ya kwanza aliwaaga wanawe kama mtu asiyerudi.

Basi tatizo ni kwamba hewa ilikuwepo. Tangu alfajiri ilikuwa inaunguruma tumboni ikitafuta mlango, naye anaibana. Mzee wa kanisa, mjane wa miaka kumi na moja, mwanamke anayewatoa nje watoto wanaocheka wakati wa sala, afanye jambo hilo mbele ya watu kumi na wawili? Alijiambia anangoja wodi ichangamke kidogo. Wodi nayo siku hiyo ilinyamaza utadhani inamngoja yeye.

Nesi Noela alipopita akamuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi getini, kama tayari. Akajibu bado, mwanangu. Hakusema uongo, na hilo akalihesabu kuwa ni uchaji.

Kitanda cha jirani alilazwa Herieth, muuza utumbo wa Vingunguti, aliyetolewa kidole tumbo. Huyo hakuwa na aibu hata ya kuazima. Yake aliitoa jana, akaitangaza mwenyewe, na sasa alikuwa anakunywa uji polepole, kwa makusudi.

"Mama, mie utumbo nimeuosha miaka tisa," akamwambia. "Utumbo hauna cheo. We uachie tu."

Atuganile akageukia ukutani, yeye na heshima yake na maumivu yake.

Mchana Noela akaja na simu na hedifoni kubwa za kufunika masikio. Akaeleza kwamba mgonjwa aliyepasuliwa akisikiliza muziki, au sauti za maji na ndege, maumivu yanapoa na mwili unalegea. Akamvalisha, akaanza na mto unaotiririka. Ulikuwa kama mto wa kwao Tukuyu kabisa. Mwili ukalegea kweli, na hewa nayo ikaona nafasi, akashtuka, akaibana upya. Maji yale yalikuwa ya upole mno, hayawezi kumfichia mtu kitu.

Akaomba abadilishiwe. Noela akamtafutia matarumbeta ya kanisani, yale ya Pasaka, na ngoma yake kubwa. Atuganile akaomba sauti iongezwe. Akaomba tena. Wodi nzima ikamezwa: hakusikia kikohozi, wala vyombo, wala Herieth, aliyeonekana anachezesha mdomo bila neno kutoka. Hapo ndipo akili yake, aliyoitegemea kwa miaka hamsini na nane, ikampa shauri: kwa kelele zote hizi, nani atajua?

Akangoja kama mpigaji anayeijua zamu yake. Matarumbeta yalipopanda yote kwa pamoja kwenye kiitikio, akafumba macho, akaachia. Akaachia ya siku tatu, kwa awamu nne, hadi ngoma ya mwisho.

Alipofumbua macho, mgonjwa wa dirishani alikuwa ameshika mshono kwa mikono miwili asije akacheka ukafumuka. Mwanaume mmoja aliyekuja kumwona mkewe alikuwa anaikagua dari kwa bidii. Noela akamvua hedifoni taratibu. Matarumbeta yakabaki mkononi mwa nesi, membamba kama mbu. Ndipo Atuganile alipoelewa yalikuwa yanapigwa wapi muda wote ule.

"Mmesikia?" akauliza.

"Mama," Herieth akasema, anafuta machozi, "hata wodi ya wanaume wameitikia amina."

Daktari akaitwa, akambonyeza tumbo, akasikiliza, akasema utumbo uko kazini. Hakuna picha, hakuna meza. Uji uletwe.

Ulipoletwa, Atuganile akainamisha kichwa kushukuru. Desturi yake ni kumtajia Mungu kila jambo kwa jina lake. Akafika kwenye jambo lenyewe, akakwama. Akalizunguka, akalijaribu hivi na vile. Mwisho akaona asijisumbue: Mungu naye alikuwepo mle wodini, na hakuwa amevaa hedifoni.

Akasema amina, akanywa uji.