Mikono ya Nurudin

Mimi si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka ishirini na mbili nimeuza supu ya kichwa na matumbo hapa Majengo, Embu, na mteja akianza kusifia supu kabla hajaionja, najua anataka nyongeza ya bure. Kwa hiyo mwanangu Nurudin alipoanza kurudi kutoka kituoni vifundo vya vidole vimemvimba, sikungoja mtu aniambie kwamba kuna jambo.

Nuru ana miaka kumi na tisa. Alitembea akiwa na miaka minne, na hadi leo anaongea kwa neno moja moja, lakini anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kituo anachokwenda kiko Manyatta. Tulikianzisha sisi wenyewe wazazi wa watoto kama yeye, na mwenyekiti wetu ni Alice, mama yake Linda. Mwalimu ni kijana anayeitwa Mwaniki, mpole kupita kiasi. Watu wapole hivyo huwa nawaangalia mara mbili.

Alhamisi ndiyo siku ya watoto wakubwa kufundishwa kazi za mikono. Alhamisi ya kwanza Nuru alirudi na vidole vyekundu, nikadhani ameanguka. Ya pili vilikuwa vimevimba. Ya tatu alirudi amevaa shati ambalo si lake, ananukia sabuni mpaka viwikoni, na nilipotaka kumshika mkono akauficha mgongoni. Mama yeyote mwenye mtoto asiyeweza kujieleza anajua niliwaza nini. Niliyawaza yote, na mabaya kuliko hayo.

Asubuhi, badala ya kuamka, alikuwa anaingiza ngumi kati ya blanketi na godoro, anasukuma polepole, anaitoa, anaisukuma tena. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu anaonyesha anachofanyiwa.

Sina roho ya chuma, na nina sababu zangu. Nuru alipokuwa na miaka kumi na miwili, marehemu baba yake, ambaye alikuwa mchinjaji, alimpeleka kazini kwake. Vijana wa kichinjio wakamfungia mtoto wangu kwenye chumba cha vichwa vya ng'ombe ili wacheke kidogo. Tulimtoa amejikojolea, na hakutamka neno kwa miezi mitatu. Siku hiyo niliapa kwamba Nuru hatakanyaga kichinjio wala hatashika kisu. Mume wangu aliheshimu kiapo hicho mpaka alipofariki, na shemeji yangu Abdilatif, ambaye ndiye anayeendesha bucha yetu sasa, nilimwapisha naye. Nilichobaki nacho ni kuhakikisha mtoto huyu hateswi tena na mtu, na kila nikisali naomba nisimtangulie.

Alhamisi ya nne nilifika Manyatta bila kuwaambia. Watoto walikuwa barazani wanasuka mikeka. Linda alinipungia mkono. Nuru hakuwepo.

"Mama Nuru, karibu chai," Alice akasema, akaniwahi langoni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo na mwalimu."

"Kwenda wapi?"

"Hapo nyuma tu."

"Nyuma wapi, Alice?"

Akaanza kuhangaika na kifuniko cha chupa ya chai, anakifunga, anakifungua. Namjua Alice miaka saba na hajawahi kuyakwepa macho yangu. Nilikaa, chai sikuigusa. Baadaye sana nikawaona wanakuja na kinjia cha upande wa soko, Nuru nywele zimelowa, shati la Mwaniki limemning'inia mabegani. Mwaniki aliponiona akapunguza mwendo.

Nyumbani nilimkalisha Nuru kitandani. "Nani anakupiga?"

Akatikisa kichwa.

"Basi mnafanya nini na mwalimu?"

Aliweka kidole mdomoni akasema, "Siri."

Neno hilo sikumfundisha mimi. Kuna mtu mzima alikaa na mwanangu akamfundisha kusema siri.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harambee ya kituo huko Kiritiri, kwa watu wa kwao Alice. Ilikuwa ya kuezeka banda la kazi, ili wakubwa wetu wawe na mahali pa kufanyia kazi na kuuzia walichotengeneza. Watu wa Kiritiri walikuwa wametoa mbuzi kumi na mmoja. Nyama ingechomwa na kuuziwa wageni, na kama ilivyo desturi yetu, mchinjaji angekuwa Mwislamu ili kila mtu ale bila kuuliza. Mchinjaji huyo alikuwa Abdilatif, na Majengo tungejaza magari mawili.

Ijumaa nilichukua simu nikafungua kundi la akina mama wa Majengo, nikarekodi sauti. Nilisema watoto wanapigwa Manyatta, mwalimu anawatoa kwa siri na kuwabadilisha nguo, na mwenyekiti anajua. Nikasema mwenye mtoto asiende Kiritiri kuwanenepesha watu hawa. Haikupita saa, ile sauti ilikuwa imefika hadi msikitini.

Abdilatif akanipigia. "Shemeji, futa hiyo sauti. Kuna jambo nilitakiwa kukwambia zamani."

"Hata wewe wamekuweka mfukoni?"

"Nisikilize kwanza."

"Ukikanyaga Kiritiri kesho, mimi na wewe si ndugu tena." Nikakata simu, na alipopiga tena nikaizima. Abdilatif ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Hakwenda.

Nilikwenda mimi, na Nuru nikamchukua. Nilitaka mikono yake ionekane. Nilitaka nisimame mbele ya wageni wao, niinue vile vifundo, nimuulize Mwaniki huku watu wanasikia.

Tulifika saa tano. Hema tatu zilikuwa zimefungwa kwenye uwanja wa shule, na viti vingi vilikuwa vitupu. Mbuzi walikuwa kwenye ua, wanavuta majani ya mwisho chini ya waya. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri na juu yake hamna kitu. Mzee Elphas, aliyetoa mbuzi watatu peke yake, alikuwa anazunguka na fimbo yake akiuliza mchinjaji yuko wapi. Wafanyabiashara wachache Waislamu wa pale sokoni walikuwa wamekaa pembeni, wanaangalia saa.

Alice alinijia. Hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. "Mama Nuru, umetumaliza."

"Sijaanza. Nipe hiyo maiki."

Nilidhani atakataa. Akanipa.

Niliushika mkono wa Nuru nikauinua juu. "Angalieni hii mikono," nikasema. "Mimi ni Mwanabibi wa Majengo, na huyu ni mwanangu. Mwalimu Mwaniki atuambie nani anamfanyia hivi."

Mwaniki alisimama, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Hakuna mtu anampiga, Mama Nuru. Nuru anachuna mbuzi. Kuchuna vizuri si kisu, ni ngumi. Unaisukuma kati ya ngozi na nyama ndio ngozi isitoboke. Ndiyo maana vidole vimevimba. Ami yake Abdilatif anamfundisha kila Alhamisi, pale kichinjio cha Manyatta. Leo ndio angechuna mbele ya watu wote. Tulitaka ujionee mwenyewe."

Nilicheka. Ulikuwa uongo uliopikwa ukaiva, na kila kitu kilikaa mahali pake, sabuni na shati na kinjia cha sokoni. Mambo yakikaa sawa hivyo mimi ndiyo hushtuka.

"Haya," nikasema, "achune tuone."

"Achune nini?" Alice akauliza. "Mchinjaji umemzuia wewe."

"Acha nichinje mimi," Mwaniki akasema. Akaleta beberu mweusi wa Mzee Elphas na kisu kilichofungwa kwenye kitambaa. Hapo Nuru alinitoka mkononi. Alikwenda akakaa chini, akamkumbatia yule beberu shingoni, akamtikisia Mwaniki kichwa.

"Bismillahi," akasema. "Ami."

"Ami hayupo leo, Nuru."

Nuru akafikiri. Kisha akakifungua kile kitambaa, akakishika kisu upande wa nyuma wa bapa, makali yakiangalia chini, akanielekezea mpini. Hakuna mtu anayezaliwa akijua kukabidhi kisu hivyo. Mume wangu alikuwa akikabidhi hivyo, na ndugu yake hukabidhi hivyo.

"Mama," Nuru akasema. "Bismillahi."

Wazee wa Kiritiri wakaanza kunung'unika, kwamba tangu lini mwanamke akachinja mbuzi mbele ya wanaume. Katika dini yangu mwanamke anaruhusiwa, na marehemu alinifundisha Idi moja alipoumia bega, lakini sikuwahi kurudia. Mmoja wa wale wafanyabiashara akasema, "Ni halali, mama. Chinja." Mzee Elphas akanitazama, akamtazama Nuru, akageuza fimbo yake kuwaashiria wenzake wanyamaze.

Nuru alikuwa ameshamlaza beberu ubavu wa kushoto na kumwelekeza kibla, bila kuambiwa na mtu. Alimfunika macho kwa kiganja. Nilisema Bismillahi Allahu akbar nikakata mara moja, na Nuru akamshika akimbembeleza mpaka akatulia kabisa. Niliogopa ataiona damu akarudi kwenye kile chumba cha vichwa. Hakurudi popote. Aliniondolea kisu mkononi taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kitu cha hatari.

Wakamtundika beberu kwenye mti wa goli. Nuru alipasua kidogo miguuni, akapitisha mstari mmoja tumboni, kisha akakiweka kisu chini mbali na watoto. Akakunja ngumi. Akaiingiza chini ya ngozi, akasukuma polepole, akaitoa, akasukuma tena.

Nilikuwa nimeiona ngumi ile asubuhi nyingi, kati ya blanketi na godoro. Mwanangu alikuwa anafanya mazoezi ya kazi yake, na mimi nilisimama mlangoni nikahesabu makosa ya watu. Nilijisikia vibaya mpaka nikatamani ardhi ya pale uwanjani inimeze.

Ngozi ilitoka nzima. Mzee Elphas aliinyoosha juani kwa mikono miwili akatafuta tundu. Alitafuta sana, maana ni mtu wa mbuzi na hadanganyiki. "Hii haina hata alama," akasema. "Nani mwingine hapa anachuna hivi?"

Nilirudi kwa Mwaniki. Sitasema uongo, nilikuwa na aibu lakini hasira ilikuwa bado ipo. "Kumfundisha kazi, umefanya vizuri kuliko mimi," nikamwambia. "Lakini neno siri umemfundishaje? Kesho akishikwa na mtu mbaya kweli akaambiwa ni siri, nitajuaje?"

"Tungekwambia, ungekataa," Mwaniki akasema.

"Ningekataa."

"Hata hivyo ni kosa letu," Alice akasema. "Tulikuogopa, Mama Nuru. Hata Abdilatif anakuogopa."

Nilirekodi sauti nyingine palepale. Nilijitaja jina nikasema niliyosema jana hayakuwa kweli, na kwamba aje anayetaka kuona. Sauti ya Ijumaa ilikimbia yenyewe. Hii ya pili iliwafikia watu wakiwa wameshapika chakula chao nyumbani, na aliyekuja ni Abdilatif peke yake, saa kumi, visu vyake chini ya kwapa, wakati wageni wanainuka. Kati ya mbuzi kumi na mmoja tulikuwa tumekula watatu, na wote watatu walipita kwenye kisu changu na ngumi za Nuru. Wanane waliobaki walifunguliwa kamba wakarudishwa kwa wenyewe, maana wanunuzi wao walikuwa Majengo. Banda litakaa bila paa mpaka mwakani, na kila mzazi pale anajua ni kwa sababu ya nani. Hakuna aliyenitukana. Linda aliniletea kiti.

Nuru alikuwa bombani ananawa. Alijisugua kwa sabuni mpaka viwikoni, akavaa shati safi alilopewa na Mwaniki, akageuka kuja. Uso wake wote ulikuwa unacheka. Kisha akaniona mimi, akakumbuka, na mikono yote miwili akaificha mgongoni.

Hilo hakufundishwa na Mwaniki. Nilimfundisha mimi.

"Lete mikono, Nuru," nikamwambia.

Akamtazama ami yake, akamtazama mwalimu, akarudi kwangu. "Siri?"

"Hapana, baba. Hakuna siri tena. Nataka kuiona tu."

Watu walikuwa wanakunja viti pembeni yetu. Kisha akautoa mkono mmoja.